Sahihi Isiyovuka Thuci

Wakusanyaji wa fasihi simulizi katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya wana tatizo ambalo wanakili wa tenzi za Lamu walikuwa nalo kabla yao: matini haiishi kuandikwa. Msimulizi husimulia, mwanafunzi akanakili kutoka katika kinasa sauti, akatafsiri, akasahihisha. Msimamizi wake akaichora karatasi kwa wino mwekundu, naye mwanafunzi akasahihisha tena. Mwishowe huwapo matini kumi zenye jina moja. Majina ya faili katika vipakatalishi vya wanafunzi wa uzamili hulisimulia balaa hili bila kuficha: "sura ya tatu mpya", "sura ya tatu mpya kabisa", "sura ya tatu ya mwisho", "sura ya tatu ya mwisho ya kweli". Ni ipi iliyosomwa na nani, na lini, hakuna awezaye kuapa.

Wanafunzi wawili wanaosimuliwa katika makala haya walidhamiria kujiepusha na balaa hilo. Mmoja ni binti aliyekuwa akisomea Meru, wa pili ni kijana aliyekuwa akisomea Embu. Kazi yao ilikuwa moja: kukusanya masimulizi ya Mbwaa kutoka kwa wazee wa Igembe, kuyaandika katika Kimeru, kisha kuyatafsiri kwa Kiswahili sanifu. Binti alikwenda nyanjani na kunakili. Kijana alisimamia tafsiri.

Msomaji asiyetoka sehemu hizo huenda akahitaji kukumbushwa habari za Mbwaa. Wameru husimulia kwamba wahenga wao waliishi mahali palipozungukwa na maji, chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa mitihani isiyowezekana, mmojawapo ukiwa kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Hatimaye watu waliyavuka maji wakiongozwa na Koomenjoe. Waliovuka usiku wakawa koo nyeusi, waliovuka alfajiri wakawa koo nyekundu, na waliovuka jua lilipokwisha kuchomoza wakawa koo nyeupe. Bernardo Bernardi aliandika juu ya jamii hii katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu Mugwe, na Jeffrey Fadiman katika kitabu chake cha mwaka 1993. Hata H. E. Lambert, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa maandishi yake ya miaka ya 1950 kuhusu lahaja za pwani, alikuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930 na aliandika juu ya taasisi za watu wa huko. Wapo watafiti wanaoitafuta Mbwaa katika pwani ya kaskazini ya Kenya, kisiwani Manda na kandokando yake. Kwa hiyo kila neno la msimulizi lina uzito. Akisema maji "yalipasuka", mtafiti mmoja atasikia Kitabu cha Kutoka na mahubiri ya wamishenari. Akisema maji "yalikupwa", mwingine atasikia bahari ya Lamu na watu walioyajua maji yake. Neno moja linaweza kuihamisha hadithi kutoka Misri hadi Manda.

Ndiyo maana wawili hao hawakutaka kutumiana faili kwa barua pepe. Walichagua Git, programu ya kudhibiti matoleo ambayo Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini, aliianza mwezi wa Aprili mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya kiini cha Linux. Waandishi wa programu za tarakilishi wameizoea. Wanafunzi wa fasihi huiogopa bure. Kila mara mwandishi anapohifadhi hatua ya kazi yake, programu huipa hatua hiyo alama ndefu ya herufi na tarakimu 40, inayopigiwa hesabu kutokana na maneno yenyewe pamoja na alama ya hatua iliyoitangulia. Ukibadilisha koma moja, alama hubadilika. Aidha, programu yenyewe imegatuliwa. Neno ugatuzi lilienea midomoni mwa Wakenya kwa Katiba ya mwaka 2010 na kaunti zilizoanza kazi mwaka 2013, na hapa linafaa kuliko katika siasa, kwa kuwa Git hugatua kwelikweli: nakala iliyoko Embu haiombi ruhusa ya nakala iliyoko Meru, na kila mmoja wao huwa na historia nzima ya matini tangu neno la kwanza. Kati yao walikuwa na ghala la tatu katika seva ya mbali. Binti alisukuma kazi yake huko, kijana akaivuta, na kinyume chake.

Lakini alama ya herufi 40 haisomeki wala haikumbukiki. Hapo ndipo inapokuja tagi, yaani jina ambalo mtu hulibandika juu ya hatua moja ili ijulikane kati ya mamia. Wako watakaopendelea kuiita kitambulisho, ila nchini Kenya neno hilo limeshamilikiwa na kadi ya serikali, na halitaachiwa karibuni. Tagi ziko za namna mbili. Tagi nyepesi ni jina tupu linaloelekeza kidole. Tagi yenye maelezo hubeba jina la aliyeiweka, tarehe na ujumbe, na juu ya hayo inaweza kutiwa sahihi. Sahihi hiyo hutiwa kwa ufunguo wa siri ambao mwenyewe hampi mtu, na huthibitishwa kwa ufunguo wa wazi ambao humpa kila mtu. Ni kama muhuri ambao mmoja tu anaweza kuugonga, na ulimwengu mzima unaweza kuutambua. Programu ya kwanza ya aina hii kuenea kwa umma, PGP, ilitolewa na Phil Zimmermann mwaka 1991. Git yenyewe, tangu toleo la 2.34 la mwaka 2021, hukubali pia sahihi za funguo za SSH.

Sahihi ina shida yake: utajuaje kuwa ufunguo wa wazi ulioletewa ni wa mtu unayemdhania? Mwezi wa Agosti mwaka 2011 ilibainika kwamba seva za kernel.org, zilizohifadhi kiini cha Linux, zilikuwa zimevamiwa. Baada ya hapo wataalamu wale walilazimika kukutana ana kwa ana ili kuthibitishiana funguo zao. Binti na kijana walifanya vivyo hivyo. Walikutana Chuka, mji ulio katikati ya safari zao, mmoja akipanda matatu kutoka Embu kupitia Runyenjes, mwingine akiteremka kutoka Meru kupitia Nkubu. Katika mkahawa wa kawaida, chai na mandazi mezani, kila mmoja alimsomea mwenzake kwa sauti alama ya ufunguo wake, herufi moja baada ya nyingine, hadi zikatimia 40. Mhudumu alidhani wanacheza bahati nasibu.

Sasa twende Igembe. Mzee aliyewasimulia alikuwa na umri mkubwa na kumbukumbu kali zaidi. Hakukubali maneno yake yachapishwe kabla ya kusomewa. Siku moja alasiri, binti aliketi chini ya mwembe uani kwake na kumsomea matini yote kuanzia mwanzo, mkewe akiwa kando akipukuchua maharagwe. Mzee alimkatiza mara nyingi.

"Maji hayakupasuliwa na mtu," alisema. "Yalikupwa. Andika hivyo."

Binti aliandika hivyo. Kisha wakafika kwenye sentensi iliyoutaja ukoo mmoja wa majirani kuwa ulivuka kwa kuchelewa, baada ya kukataa kutoa mtu wao wakati wa hatari. Sentensi hiyo haikuwa ya mchezo. Katika vijiji ambako mpaka wa shamba hutetewa kwa kutaja ni nani aliyefika kwanza, ukoo unaotuhumiwa kuchelewa hauwezi kunyamaza. Kuna matini ambamo sentensi hiyo imo, matini ambamo haimo, na matini ambamo imo ikitanguliwa na neno "inasemekana". Zote tatu zilihifadhiwa alasiri hiyo. Mzee alipotamka "sasa ndiyo", binti aliiwekea hatua hiyo tagi kwa amri ya git tag -s, akaiita "idhini-ya-mzee", akaandika katika ujumbe wake kuwa mzee amesomewa na ameridhia, akatia sahihi yake. Alipofika Meru jioni alisukuma kazi yote kwenye ghala la mbali. Programu ikajibu kwamba kila kitu kimekwenda salama. Akampigia mwenzake simu: "Kaka, mzee ameridhia, na nimeshatia sahihi."

Na kweli alikuwa ametia. Jambo ambalo hawakulijua wote wawili ni kwamba git push haibebi tagi. Hupeleka hatua za kazi na matawi yake; tagi hubaki katika tarakilishi ilikozaliwa mpaka mwenyewe aitaje kwa jina lake katika amri hiyo, au aongeze --tags ili zipelekwe zote. Programu haikusema uongo. Iliulizwa kuhusu maneno, ikajibu kuhusu maneno. Wapo wanaoliona hili kuwa kasoro ya usanifu, na wako karibu na ukweli. Hata hivyo mpango huo una busara yake: mtu huweka tagi nyingi za faragha ili kujikumbusha mambo, na si kila jina ambalo mtu hukipa kitu chake chumbani hutaka litangazwe barazani.

Mzee alifariki miezi miwili baadaye. Wiki ya mazishi, binti akirejea kutoka Maua, mkoba wake uliibwa ndani ya matatu pamoja na kipakatalishi. Alilia kwa ajili ya mzee. Kipakatalishi hakikumliza, kwani alijua kazi yote iko Embu, neno kwa neno.

Na kwa neno, ilikuwapo. Matatizo yalianza mzee mmoja wa ule ukoo wa pili alipofika kwa wafiwa, kwa heshima lakini bila kucheka, kuuliza marehemu alikubali nini hasa kuhusu watu wake. Wajukuu nao waliuliza hilohilo. Kijana alifungua nakala yake na kuorodhesha tagi. Hakukuwa na hata moja. Alitazama historia ya hatua: zote tatu zilikuwapo zikifuatana, kila moja ikiwa na ujumbe wa neno moja, "marekebisho". Tarehe hazikufaa kitu, maana saa ya kile kipakatalishi kibovu ilirudi nyuma kila kilipozimwa na haikujirekebisha mpaka ipate mtandao, nako uani kwa mzee mtandao haufiki. Jambo la kuumiza zaidi lilikuwa hili: katika tarakilishi ya kijana ufunguo wa wazi wa binti ulikuwa bado upo, ule waliosomeana Chuka, ukiwa tayari kuithibitisha sahihi ambayo haikuwahi kuvuka Mto Thuci.

Mtu aliyesoma fasihi ya pwani hawezi kulisikia tukio hili bila kukumbuka jinsi watunzi wa tenzi walivyofunga kazi zao. Wengi wao walitia katika beti za mwisho jina la mtunzi, mwaka wa Hijria, na hata idadi ya beti. Idadi hiyo haikuwa pambo. Msomaji aliyehesabu na kukuta upungufu alijua kuwa pana ubeti uliodondoka njiani, kama vile alama ya herufi 40 inavyomfichulia mwandishi wa leo koma iliyoguswa. Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia tenzi Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, aliishi ndani ya utamaduni huo. La muhimu ni mahali sahihi ilipowekwa: ilikuwa ndani ya utenzi, kwa vina na mizani. Atakayeunakili utenzi ameinakili sahihi, apende asipende. Tagi ya Git haimo ndani ya matini. Inasimama kando yake na kuielekezea kidole, na husafiri kwa nauli yake yenyewe. Faida ni kwamba matini inaweza kuidhinishwa bila kuguswa hata herufi. Hasara yake binti alikuwa ameipata.

Namna hii ya idhini iliyo nje ya matini nayo si ngeni katika historia ya Kiswahili. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilivipa kibali vitabu ilivyoviona vimefuata Kiswahili sanifu, na wapo waandishi waliokereka kwa kuona lugha yao ya kuzaliwa ikisubiri muhuri wa wageni. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini angalau muhuri ule ulichapishwa ndani ya jalada, na aliyetaka kugombana alijua agombane na nani. Sahihi haithibitishi kuwa maneno ni ya kweli. Inaonyesha nani aulizwe.

Kijana alipendekeza njia ya mkato, na haifai kumlaumu kwa haraka. Git humruhusu mtu kuweka tagi leo na kuiandikia tarehe ya miezi miwili nyuma. Binti angeweza kutengeneza ufunguo mpya, akachagua hatua aliyodhani ndiyo, akaibandika jina lilelile la "idhini-ya-mzee" na tarehe ya alasiri ile. Nani angejua? Isitoshe, alikuwa na uhakika wa karibu wote. Walibishana kwa simu kwa jioni mbili. Hoja iliyoshinda ilitoka katika rafu ya vitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ina toleo la mwaka 1981 na toleo la mwaka 2004. Mtu akinukuu fasili ya 1981, msomaji anategemea kuikuta fasili ileile, hata kama ina kosa. Hakuna mhariri mwaminifu angechukua maneno ya 2004 na kuyafunga katika jalada la 1981 kwa kuwa anaamini ndiyo waandishi wa mwanzo waliyoyakusudia. Miongozo ya Git yenyewe inashikilia hivyo: jina lililokwisha kutangazwa halihamishwi, na anayehitaji kusahihisha atoe jina jipya. Jina lao halikuwahi kutangazwa kwa seva, ni kweli. Lilikuwa limetangazwa kwa mzee.

Basi wakarudi Igembe, safari hii wote wawili. Kabla ya hapo walipitia Chuka tena kusomeana alama ya ufunguo mpya wa binti, na ule wa zamani ukaandikwa kuwa umekufa. Walimkuta nyanya, mjane wa mzee, na wajukuu wake wawili. Walimwomba awasikilize, wakamsomea matini zote tatu bila kumwambia ipi walidhani ndiyo. Ya kwanza alitikisa kichwa. Ya pili alinyamaza muda mrefu.

"Hivyo ndivyo alivyosema kwanza, kwamba iondolewe," alisema. "Lakini wewe mwanangu ulipofika langoni alikuita. Alisema irudishwe, ila isemwe kuwa ni maneno ya watu, si yake. Ulifungua mashine yako ukiwa umesimama, ukaiegemeza kwenye mti wa miraa."

Binti alikuwa ameusahau ule mti. Alikumbuka mwembe tu. Na katika simu zile za jioni mbili, hatua aliyokuwa na uhakika nayo wa karibu wote ilikuwa ya pili.

Waliiwekea hatua ya tatu tagi mpya, wakaiita "ushahidi-wa-mjane". Ujumbe wake ni mrefu kuliko ilivyo desturi ya wataalamu: unaeleza kuwa tagi ya kwanza ilipotea, kwamba uchaguzi huu unatokana na kumbukumbu ya mjane iliyotolewa mbele ya wajukuu wawili, na kwamba tarehe iliyoandikwa ni ya siku ya ushahidi, si ya siku ya idhini. Binti alitia sahihi, na walipofika Maua penye mtandao akaisukuma tagi kwa jina lake. Kijana, aliyekuwa ameketi ubavuni pake, hakuridhika kuitazama katika kioo cha mwenzake. Alifungua kipakatalishi chake, akaivuta kutoka seva, akaithibitisha kwa git tag -v. Sahihi ilikuwa njema.

Yule mzee wa ukoo wa pili alipelekewa nakala iliyochapishwa pamoja na ujumbe wa tagi. Aliisoma sentensi inayowahusu watu wake mara mbili. Aliuliza ni nani aliyetia sahihi, akaonyeshwa binti. Hakudai sentensi ifutwe. Alidai kwamba neno "inasemekana" limeacha nafasi, na kwamba yeye anajua kilichotokea usiku ule majini jinsi alivyoambiwa na babu yake, kisha akawataka wakae chini na wawashe kinasa sauti. Simulizi lake lilichukua saa mbili. Liliandikwa na kuhifadhiwa kama hatua mpya, baada ya tagi na si ndani yake, na hadi sasa halijatiwa sahihi, kwa kuwa mzee hajasomewa.